Nguzo Iliyopakwa Rangi

Maji ya bomba ndiyo yaliyoanza. Asubuhi moja ya kiangazi Mama Hakimu alifungua bomba la jikoni kidogo tu, aoshe kikombe cha mtoto, na ule uzi mwembamba wa maji ukashuka wima kama siku zote mpaka aliposogeza mkono. Hapo ukapinda. Ulijikunja kuelekea kiganja chake kabla hajaugusa. Akavuta mkono, ukanyooka. Akaurudisha, ukapinda tena. Alimwita mumewe aje aone. Mumewe alikuwa fundi rangi, na kama mafundi wengi aliamini kila tatizo duniani limetokana na kitu kulegea, kwa hiyo akasema mpira wa bomba umelegea. Alipotia mkono wake yeye, maji yalishuka wima.

Hakimu alikuwa mtoto wao wa kwanza, msichana ambaye hajatimiza mwaka. Jina hilo alipewa na bibi yake, mama wa fundi rangi, kwa jinsi alivyomkazia mtu macho na kunyamaza, kana kwamba anasubiri ushahidi zaidi. Alikuwa hajasema neno hata moja. Watoto wa rika lake walishaanza mama na baba, yeye kimya, na nyumbani ukawa utani kwamba Hakimu bado hajatoa hukumu. Mama yake alimpenda mpaka ikawa vichekesho. Akitoka kazini hatembei, anakimbia, maziwa yanamlowesha gauni njia nzima.

Kazi yake ilikuwa uchanaji. Karakana aliyofanyia kazi ilitengeneza mablanketi ya nailoni, yale mepesi yenye maua makubwa, na mashine yake ilikuwa na meno ya kulichana blanketi mpaka liote manyoya. Kutwa nzima meno yalisuguana na blanketi, naye amesimama juu ya mpira, na viatu vya mpira miguuni. Kitu kiliwaingia watu mle ndani. Ukimpa mwenzako mkasi mnapigana shoti nyote wawili, na mkitazamana nywele zimesimama. Kwa hiyo pale mlangoni ilikuwapo nguzo ya chuma iliyozamishwa ardhini, na kila anayetoka ilikuwa lazima aishike kwa kiganja kizima, asikie tat, kisha aseme neno moja: baki.

Tajiri mwenye karakana aliwaeleza kwamba huo ni umeme wa msuguano, unashuka ardhini na habari imekwisha. Waliitikia ndiyo bosi. Wakiwa peke yao walisema mengine. Walisema mle kwenye meno kuna mwenyewe, anazaliwa asubuhi mashine inapowashwa, anakua mpaka jioni, na akiambiwa abaki anabaki, analala chini ya nguzo. Walimwita hivyo hivyo, Mwenyewe. Hawakumwogopa sana, alikuwa anajua mipaka yake.

Ubaya wa nguzo ulikuwa kutu. Mama Hakimu alifika nyumbani na kiganja cha rangi ya matofali, akamnyanyua mtoto hivyo hivyo, na nguo nyeupe za Hakimu zikawa na alama za vidole mgongoni. Mama mkwe, aliyemlea mtoto mchana na kufua nguo hizo, alisema hajawahi kuona mtoto anayenyonyeshwa na fundi gereji. Basi Mama Hakimu akambembeleza mumewe. Jumapili moja, kabla maji hayajaanza kupinda, fundi rangi alichukua brashi yake akaenda karakana, akasugua kutu yote, akaipaka nguzo rangi ya mafuta ya kijani, tabaka juu ya tabaka, kwa uangalifu ambao wateja wake hawakuwahi kuupata. Jumatatu wafanyakazi walipiga makofi. Kasuku, mkata pindo asiyejua kunyamaza, alisema nguzo sasa imevaa kuliko yeye. Wakaendelea kuishika kila wakitoka, na kuiambia baki. Tat haikusikika tena, nao wakafurahi kwamba sasa haiumi.

Baada ya maji kupinda yakaja manyoya. Yalimfuata Mama Hakimu kutoka kazini, yakajikusanya chini ya kitanda, na akifagia hayakwenda kwenye fagio, yalimpanda miguuni. Akipita dirishani pazia lilimwinamia. Nyumba ikaanza kunuka ile harufu kali, kavu, inayotangulia radi, na nje hakukuwa na wingu hata la kusingiziwa. Vitasa vya milango vilimuuma. Alivua viatu akatembea peku uani, kama alivyoshauriwa na Kasuku, na mara moja alipata nafuu, mwili ukawa mwepesi. Akiingia tu ndani alisikia kitu kikimpanda tena kutoka kwenye nyayo kwenda juu, taratibu, kama mtu anayerudi kwake.

Hakimu mwanzoni alifurahi. Mama yake akisogea, vinywele vyake vilinyanyuka vyote kumwelekea, na mikono pia, na kifua, mtoto mzima akaegemea upande wa mama akicheka, bila kushikwa na mtu. Fundi rangi alicheka naye. Mama mkwe hakucheka. Alisema mtoto havutwi hivyo na mama, anavutwa hivyo na kitu.

Kisha ikafika kwenye titi. Mama Hakimu alikuwa ameketi kitandani, amefungua kifua, mtoto anakuja na mdomo wazi, na katikati ya mdomo na titi ikaruka cheche, ndogo, ya buluu, yenye mlio. Hakimu alipiga ukelele ambao hakuwahi kuupiga tangu azaliwe. Alipomaliza kulia alimtazama mama yake muda mrefu, na kwa mara ya kwanza mama hakutaka kutazamwa na macho yale.

Tangu hapo mambo yaligeuka. Nywele za mtoto sasa zilisimama wakati wote, hata akiwa mbali, hata akilala, na mama yake akikaribia zililala nyuma kama zinazopulizwa, na siku aliyowekwa kwenye mkeka wa plastiki sebuleni, mama akaja akitambaa kwa magoti, polepole, akimwimbia kwa sauti ya chini ili asimtishe, mtoto alirudi nyuma, hakutambaa, hakusukuma kwa mguu wala mkono, aliteleza tu akiwa ameketi na macho yamemtoka, mama akasimama naye akasimama, mama akasogea naye akasogea, mpaka mgongo wake ukagusa ukuta na akaanza kulia bila sauti. Mama Hakimu alitoka nje akalia yeye kwa sauti ya wote wawili.

Hakimu alikataa uji. Alikataa maziwa ya ng'ombe, ya kopo, na maji ya kijiko aliyatema. Muuguzi wa zahanati alimpima akasema hana homa, hana kidonda, ila anapungua, na ikiendelea alazwe wamtie dripu. Kila alipomgusa mtoto naye alipigwa shoti, akalaumu kiti. Kifua cha mama kilijaa mpaka kikawa kigumu na cha moto, akawa anakamua maziwa bafuni na kuyamwaga, na mwanawe chumba cha pili anakauka midomo. Hata hayo aliyokamua kwenye kikombe, mtoto aliyakataa mara tu aliposikia mkono ulioyaleta.

"Mwanangu, usiseme nakuonea," mama mkwe alimwambia jikoni, kwa kunong'ona. "Mtoto anakukimbia wewe. Nitamchukua kwangu."

"Kwako atanyonya nini, mama?"

"Hapa ananyonya nini?"

Fundi rangi alikuwa mlangoni, na kwa kawaida yake alikuwa mtu wa mimi simo. Mama na mke wakivutana, yeye hukagua rangi ya dari. Siku hiyo pia alitazama dari. Wakakubaliana, kama yale yalikuwa makubaliano, kwamba wiki ikiisha mtoto ataondoka.

Mama Hakimu alikwenda kazini kwa sababu hakujua pengine pa kwenda. Mchana umeme ulikatika, mashine zikanyamaza, akatumwa ghalani kuhesabu mablanketi. Ghala halikuwa na dirisha. Mlango ulijifunga nyuma yake, na katika giza lile akasikia mlio mdogo, tat, tat, ukitembea ndani ya mablanketi, ukianzia rafu ya chini kabisa na kupanda, na kila ulipopita kimwanga cha buluu kilikimbia kwenye mikunjo na kuzima, na harufu ile ikawa nzito mpaka ulimi wake ukaonja chuma, na manyoya yakawa yanaruka kutoka kila upande yakimgandama usoni, shingoni, kwenye kope, laini, mengi, yenye vuguvugu, mpaka akawa hawezi kufumbua macho bila kuyavuta, na ndipo ile tat-tat ikaanza kukaribiana na kushikana, ikawa si mlio tena bali kitu kinachojaribu kutumia mlio kama mdomo, na kikasema kwa sauti za watu wengi, ya Kasuku imo, ya wapakiaji imo, na ya kwake mwenyewe imo, lile neno lililokuwa linaambiwa kila jioni. Baki.

"Wewe nani?" aliuliza.

"Mmeniambia," kikasema. "Nabaki."

Alisukuma mlango kwa bega, akatoka na kuanguka miguuni pa Kasuku. Kasuku alimwona alivyovaa manyoya mwili mzima kama kondoo. Alimshika mkono, akapigwa shoti, akamshika tena.

Mganga ambaye Kasuku alimpeleka kwake alikuwa msusi. Alikuwa na chumba kimoja chenye kioo na viti vya plastiki, na siku hiyo alikuwa katikati ya kichwa cha mteja. Hakusimamisha kazi. Alisikiliza kisa chote huku akisuka, akiuliza hapa na pale: rangi gani, ya maji au ya mafuta, na neno lenyewe ni lipi hasa. Aliposikia neno lenyewe mikono yake ilisimama.

"Wewe unachana blanketi, mimi nachana nywele," alisema. "Yule tunafahamiana naye. Wa kwangu ni mdogo tu."

Alichana gazeti vipande vidogo akavimwaga juu ya meza. Akachukua kichana cha plastiki akakipitisha harakaharaka kwenye nywele za mteja, upande ambao bado haujasukwa. Mteja aliuliza kama amekuja kusukwa au kutumiwa kufundishia. Msusi alikisogeza kichana juu ya vipande, navyo vikatikisika, vikasimama, vikarukia.

"Karatasi hii ina kosa gani?" alisema. "Haina. Haina chochote, ni tupu. Lakini kichana kikikaribia inajigawa ndani. Kinachokitaka kinakuja mbele, kisichokitaka kinarudi nyuma. Cha mbele kiko karibu zaidi, basi kinashinda, na karatasi yote inaburutwa. Hivyo ndivyo mwanao alivyokuja kwako. Sasa ngoja."

Wakangoja. Kipande kimoja kilichokuwa kimeganda kwenye kichana kilitetemeka, kisha kikaruka kwenda zake kana kwamba kimesukumwa. Kingine kikafuata.

"Kimeguswa, kimepewa. Sasa kimefanana nacho, na wakifanana hawa hufukuzana. Wenzako kazini alikuwa anawashika kidogo, wanakanyaga ardhi njiani anawatoka. Wewe ulikimbia naye mpaka kwa mtoto. Alikuwa anatafuta kitu kitupu, na hakuna kitupu kama mtoto."

Mama Hakimu alisema kwamba hata yeye hukanyaga ardhi, kila siku anakanyaga, mbona hashuki.

"Umeme mtupu ungeshuka," msusi akasema. "Huyu ameambiwa abaki. Miaka yote mmemwambia, na pa kubaki palikuwa pale nguzoni. Mmemfungia nguzo kwa rangi, mkaendelea kumwambia. Ulitaka abaki wapi?"

Mama Hakimu aliziba uso. Alikuwa anaona mikono yake safi, isiyo na kutu, aliyokuwa akijivunia.

Dawa yenyewe haikuwa na ubani wala kuku. Rangi ikwanguliwe mpaka chuma kitupu. Mama na mtoto waguse pamoja, ngozi kwa ngozi, maana wakienda mmoja mmoja Mwenyewe atahamia kwa aliyesubiri. Mama aseme nenda. Na lile neno la zamani lisitamkwe tena, kazini wala nyumbani.

"Huyu anaishi kwa kutiiwa kama alivyotii," msusi alisema, sasa kwa sauti ya chini sana, hata mteja akageuka. "Akilisema yeye, msimtii. Mkimtii, mmemkaribisha upya, na mimi msinitafute."

Kesho yake mchana karakana ilisimama. Tajiri alifika akataka kujua nani ameruhusu, akaona uso wa Mama Hakimu, akarudi ofisini akafunga mlango. Fundi rangi alipiga magoti mbele ya nguzo na kikwanguo chake. Rangi nzuri ni ngumu kutoka, na ile ilikuwa nzuri. Aliikwangua huku analia, maganda ya kijani yakimwangukia mapajani, na kila wafanyakazi walipotaka kumpokea kazi alikataa. Chuma kikaanza kung'aa chini ya mikono yake.

Mama mkwe alikuja na Hakimu mgongoni. Mtoto alikuwa mwepesi mno, kichwa kimelala upande. Walipomfungua na kumsogeza kwa mama yake, alifumbua macho akaanza kupinda mgongo kurudi nyuma, na hewa katikati yao ikawa nene, mikono ya mama inafika karibu na kuteleza pembeni, na mablanketi yote kwenye rafu yakaanza kulia tat-tat kwa pamoja, na lile neno likaanza kupanda kutoka kila kona ya jengo, baki, baki, kwa sauti walizozifahamu kuwa ni zao wenyewe. Wapakiaji walikimbilia nje. Mama mkwe alikaza mikono asiangushe mtoto. Na fundi rangi, mtu wa mimi simo, akasimama, akatanua mikono, akamshika mke na mtoto pamoja akawabana kifuani kwa nguvu zake zote. Cheche zilimpiga mikononi na shingoni. Meno yake yalisikika yakisagana. Hakuachia.

"Shika, mke wangu," alisema. "Shika sasa."

Mama Hakimu alilaza kiganja juu ya chuma. Mlio ulikuwa mmoja, mkavu, walioko nje walidhani taa imepasuka. Akasema nenda. Akasema tena na tena, mpaka sauti ikamkauka, na manyoya yaliyokuwa yamemgandama kwa siku zote zile yakamwanguka kwa mara moja, yakatulia sakafuni. Chini ya nguzo kitu kizito kilisikika kikilala. Nywele za Hakimu zilishuka kichwani. Mtoto alinusa, akageuza uso, akalipata titi, na akanyonya palepale mlangoni pa karakana, kwa pupa, huku wanaume wakijitia kutazama mashine na mama mkwe akisema mtoto ale taratibu, hakuna anayemnyang'anya.

Nyumba ikarudi kuwa nyumba. Kila asubuhi Mama Hakimu alifungua bomba kidogo na kutia mkono, na maji yalishuka wima. Neno lile walilifukuza kabisa, na si kazi rahisi, maana limejificha kila mahali. Fundi rangi akitaka kuuliza kama kuna wali uliobaki alijiuma ulimi, akauliza kama kuna kiporo. Mama mkwe alimwambia muuza maboga amrudishie chenji yake iliyo… iliyo kwako. Walicheka. Hakimu alinenepa, akaanza kusimama kwa kushika viti, akiwatazama wanavyobabaika na maneno, kimya kama kawaida yake.

Siku ya Mama Hakimu kurudi kazini ilikuwa asubuhi yenye jua. Mumewe alishatoka. Mama mkwe alikuwa uani anaanika nguo. Mtoto amenyonya ameshiba, yuko kwenye mkeka. Mama aliacha bomba likichuruzika ndani ya kikombe jikoni, akavaa viatu vyake vya mpira, akajifunga kitambaa kichwani, akashika kitasa cha mlango.

"Baki."

Lilisemwa vizuri, bila kigugumizi cha mtoto, herufi zote zikiwa mahali pake. Aligeuka. Hakimu alikuwa amesimama ameshika kiti, amemkazia macho, mkono mmoja ameunyoosha. Hakukuwa na mtu mwingine chumbani. Hakuna aliyelitamka neno hilo nyumba ile tangu siku ya nguzo. Lakini mtoto yeyote, mama yake akienda kazini, angetaka kusema nini kingine? Alijiambia hivyo. Alijiambia pengine alilishika karakana siku ile, watoto hushika. Nywele za Hakimu zilikuwa zimelala. Au ni jua lilimwingia machoni asione vizuri.

Alikumbuka maneno ya msusi, yote, moja baada ya jingine. Mkono wake ulikuwa bado kwenye kitasa, na alijua kwamba kilichotakiwa ni kuufungua mlango na kwenda. Jikoni maji yaliyokuwa yakidondoka katikati ya kikombe sasa yalisikika yakigonga ukingo, upande wa huku, upande wa sebuleni. Hakwenda kuyatazama.

"Baki," mtoto akasema tena, na mdomo wake mdogo ukaanza kupinda kwa kilio, na maziwa yakamtoka mama yakamlowesha gauni.

Mama Hakimu akavua viatu, akafungua kitambaa kichwani, akarudi mkekani, akaketi.